Ruzuku ya Nishati Safi ya Kupikia: Kipimo ni Mtungi wa Pili

Mwananchi anayefika kununua mtungi wa gesi wa ruzuku kijijini kwake huulizwa mambo machache: jina, mahali anapoishi na Kitambulisho cha Taifa. Hulipa nusu ya bei, nusu nyingine ikibebwa na Serikali, kisha huondoka na mtungi wa kilo sita uliojaa pamoja na kichomeo chake. Siku hiyo viongozi hutoa hotuba, picha hupigwa, na jioni yake chakula huiva bila moshi. Swali gumu huja wiki kadhaa baadaye, wakati gesi imekwisha: je, kaya hiyo itaujaza mtungi tena kwa bei kamili, au mafiga yatawashwa upya na mtungi kusukumwa uvunguni?

Jibu la swali hilo lina uzito mkubwa kwa Taifa. Tarehe 8 Mei, 2024 jijini Dar es Salaam, Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Mkakati huo umeweka lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika matumizi ya nishati safi ifikapo mwaka 2034, kutoka asilimia 6.9 ya mwaka 2021. Siku sita baada ya uzinduzi huo, Rais alikuwa miongoni mwa wenyeviti wenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika uliofanyika Paris, Ufaransa, ambako ahadi za Dola za Marekani bilioni 2.2 zilitolewa.

Sababu za kuharakisha safari hiyo zinajulikana. Makadirio ambayo Serikali imekuwa ikiyatumia yanaonesha kuwa zaidi ya Watanzania 33,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na magonjwa yanayohusishwa na moshi wa kuni na mkaa majumbani. Wanaoathirika zaidi ni wanawake na watoto, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu na moto kwa muda mrefu. Vilevile, misitu hukatwa kwa ajili ya tanuri za mkaa, na katika maeneo mengi wanawake na wasichana hutumia saa nyingi kutafuta kuni ambazo mwaka hadi mwaka zinazidi kuwa mbali.

Hivyo, hakuna ubishi kuhusu haja ya mabadiliko. Suala linalohitaji kutazamwa kwa makini ni namna msaada wa kifedha unavyomfikia mwananchi, unalipia nini, na unamwachia alipe nini mwenyewe.

Fedha zinakotoka

Chombo kinachosimamia sehemu kubwa ya ruzuku hizo ni Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Kwa miaka mingi jina la wakala huo lilihusishwa na nguzo na nyaya za umeme vijijini. Sasa jiko nalo limeingia katika majukumu yake. Katika mradi wa mitungi ya gesi, mpango ulikuwa kusambaza mitungi 452,445 kwa bei ya ruzuku ya asilimia 50, sawa na mitungi 3,255 kwa kila wilaya ya Tanzania Bara. Sambamba na mradi huo, upo mradi wa majiko banifu ambao ruzuku yake ni kubwa zaidi, ikifikia asilimia 80 ya bei na kuendelea, ili mwananchi wa kijijini apate jiko linalotumia kuni au mkaa kidogo kuliko mafiga au jiko la kawaida.

Ni vyema mwananchi akafahamu kwamba yeye pia ni mchangiaji wa kazi za wakala huo. Kila anayenunua umeme wa LUKU huona katika risiti yake makato ya asilimia 3 yaliyoandikwa REA. Makato hayo ni sehemu ya mapato ya Mfuko wa Nishati Vijijini. Fundi cherehani wa Mwanza na muuza duka wa Temeke wanapoingiza namba za LUKU, wanachangia kupeleka nishati katika kijiji ambacho huenda hawajawahi kukitembelea. Kwa maana hiyo, ruzuku ni fedha ya umma, na umma una haki ya kuuliza kama imeleta badiliko lililokusudiwa.

Msaada unaotangulia na msaada unaofuata

Tanzania si nchi pekee ambayo Serikali huzisaidia kaya kuboresha matumizi ya nishati nyumbani. Tofauti ipo katika mahali ambapo nishati hupotelea. Katika nchi za baridi, joto lililolipiwa kwa gharama kubwa huvuja kupitia madirisha ya kioo kimoja na kuta zisizozuia baridi. Hapa nchini, hasara kubwa iko jikoni, ambako sehemu kubwa ya joto la kuni hupotea pembeni mwa sufuria.

Mfano wa Marekani una funzo la kuzingatiwa. Kuanzia mwaka 2023 hadi 31 Desemba, 2025, sheria ya nchi hiyo ilimruhusu mwenye nyumba aliyebadilisha madirisha na kuweka yanayohifadhi joto kupunguziwa kodi ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama, kwa ukomo wa Dola 600 kwa mwaka. Masharti yake, hata hivyo, yalikuwa na kizingiti ambacho hakikuonekana kwa haraka. Mwananchi alipaswa kwanza kulipa gharama yote mfukoni mwake, kisha asubiri nafuu wakati wa kuwasilisha hesabu za kodi. Aidha, nafuu hiyo haikurejeshwa taslimu kwa asiyedaiwa kodi. Mwenye kipato kidogo, ambaye ndiye aliyekuwa na madirisha mabovu zaidi, hakuwa na fedha za kutanguliza wala kodi ya kupunguziwa. Mtu wa namna hiyo ilimbidi kutegemea mpango mwingine kabisa, ulioanza mwaka 1976, ambao hukarabati bila malipo nyumba za wenye kipato cha chini ili zipoteze nishati kidogo.

Tanzania imechagua njia ya kutoa ruzuku palepale pa mauzo, na kwa mazingira ya nchi uamuzi huo ni sahihi. Mwananchi hatakiwi kutanguliza bei kamili wala kujaza fomu za kudai marejesho. Punguzo huonekana kabla fedha haijatoka mkononi mwake. Mkulima wa Kondoa au mvuvi wa Ukerewe, ambaye kipato chake hakiingii kwa mshahara wa mwezi, asingefaidika na nafuu inayokuja mwakani.

Pamoja na usahihi huo, njia zote mbili zina sura moja inayofanana: husaidia kununua kifaa. Kwa dirisha, hilo linatosha, kwa sababu dirisha likishafungwa halidai kitu tena. Mtungi wa gesi hauko hivyo. Mtungi hudai kujazwa, na hapo ndipo ruzuku ya asilimia 50 inapomwacha mwananchi na soko.

Hesabu ya mtungi wa pili

Ili kuelewa ugumu uliopo, inafaa kuchukua mfano wa kaya ya mjini inayonunua mkaa wa shilingi 1,000 kila siku. Kwa siku thelathini, kaya hiyo hutumia shilingi 30,000. Iwapo kujaza mtungi wa kilo sita kunagharimu shilingi 24,000 na gesi hiyo ikatosha mwezi mzima, basi kwa hesabu za karatasi kaya hiyo ingeokoa shilingi 6,000 kila mwezi na kuepuka moshi. Mtu wa pembeni anaweza kushangaa kwa nini kaya hiyo inarudi kwenye mkaa.

Sababu ni kwamba shilingi 30,000 za mkaa hazijawahi kukaa pamoja mahali pamoja. Zilikuja shilingi elfu moja baada ya nyingine, kutokana na kibarua cha siku, mauzo ya vitumbua au safari za bodaboda, na zikatoka vivyo hivyo. Mkaa huuzwa kwa kopo na sado, hivyo mwenye shilingi 500 bado ana uwezo wa kupika leo. Gesi ya mtungi haigawanyiki namna hiyo. Siku inapokwisha, hudai shilingi elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na mara nyingi siku yenyewe huangukia kwenye ada ya shule au ugonjwa wa mtoto. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinachojazwa mchana na kumwagwa jioni hakiwezi kufikia ujazo wa mtungi.

Teknolojia imeanza kutoa majibu. Katika muongo uliopita, jiji la Dar es Salaam lilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo barani Afrika kujaribu mita janja zinazofungwa kwenye mtungi, ambapo mteja hulipia gesi kwa simu kwa kadiri anavyotumia, na mtungi hubadilishwa na msambazaji unapokaribia kwisha. Utaratibu huo huifanya gesi iuzwe kama mkaa wa kopo, jambo linaloendana na mfuko wa kaya. Changamoto yake ni kwamba mita ina gharama, na msambazaji huhitaji wateja walio karibu karibu ili biashara ilipe. Hapo ndipo fedha ya ruzuku inaweza kuelekezwa kwa manufaa makubwa: kulipia sehemu ya gharama ya mita na mtandao wa usambazaji, badala ya kuishia kwenye chuma cha mtungi pekee.

Kwa kaya ya kijijini inayookota kuni bila kulipa fedha, hesabu ni tofauti kabisa. Kwa kaya hiyo gesi ni gharama mpya ambayo haikuwepo, kwa sababu saa za mama na binti wanaokwenda porini haziandikwi katika daftari lolote. Katika mazingira hayo, jiko banifu lenye ruzuku kubwa ni hatua ya mpito yenye maana, kwa kuwa hupunguza mzigo wa kuni na moshi bila kuidai kaya fedha za kila mwezi. Haitakuwa sawa, hata hivyo, kulihesabu jiko hilo kama mwisho wa safari, maana moshi hupungua bila kuisha.

Jiko lililo karibu kuliko linavyodhaniwa

Kaya nyingi zilizounganishwa na umeme huamini kuwa kupikia umeme ni anasa. Imani hiyo ina chimbuko lake katika majiko ya zamani ya koili, ambayo hula uniti nyingi. Majiko ya presha ya umeme yanayopatikana sokoni sasa yana hesabu nyingine. Chungu cha maharage, chakula kinachoogopwa na kila mpishi kwa kumaliza moto, mara nyingi hakizidi nusu uniti katika jiko hilo, kwa sababu mvuke na joto hufungiwa ndani.

Kwa viwango ambavyo wateja wa TANESCO wamekuwa wakilipa kwa miaka kadhaa, mteja mdogo wa daraja la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo hufikia shilingi 122. Mteja wa kawaida wa daraja la T1 hulipa shilingi 292, sawa na takriban shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Kaya inayopika milo miwili kwa siku, kila mlo kwa nusu uniti, itatumia uniti 30 kwa mwezi. Kwa mteja wa D1 hizo ni shilingi 3,660. Kwa mteja wa T1 ni karibu shilingi 10,700. Kiasi chochote kati ya hivyo viwili ni kidogo kuliko mkaa wa shilingi 1,000 kwa siku, na umeme hununuliwa hata kwa shilingi 1,000.

Mteja wa D1 anapaswa tu kuwa mwangalifu na ukomo wake. Uniti 30 za kupikia humwachia uniti 45 kwa taa, redio, televisheni na kuchaji simu. Kaya yenye jokofu inaweza kuvuka uniti 75, na kila uniti inayozidi hulipiwa bei ya juu. Hapa pana jambo la kutafakariwa na watunga sera, kwa kuwa ukomo uliowekwa kumlinda mteja mdogo unaweza kumtia hofu ya kuhamia kwenye nishati safi ambayo Taifa linamtaka aitumie.

Kikwazo kinachobaki ni bei ya jiko lenyewe, ambayo kwa kaya ya kipato cha chini ni kubwa kuliko bei ya mtungi wa ruzuku. Mfumo wa kumkopesha mteja jiko na kukata deni kidogo kidogo kila anaponunua LUKU ni njia inayostahili kupewa nafasi, kwa sababu mkopo hulipwa kwa mtiririko uleule ambao fedha huingia nyumbani.

Mahali pa kutafuta msaada

Wakati mifumo hiyo ikiendelea kujengwa, zipo njia ambazo mwananchi anaweza kuzifuata sasa. Ya kwanza ni ofisi ya Serikali ya kijiji au mtaa, ambako taarifa za siku na mahali pa mauzo ya mitungi na majiko ya ruzuku hupatikana. Kitambulisho cha Taifa ni muhimu, kwa kuwa hutumika kuhakikisha mtu mmoja hanunui mara kadhaa ili kuuza tena. Mwananchi ambaye hajakamilisha usajili wake ana sababu nyingine ya kufanya hivyo mapema.

Ya pili ni mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu ulioboreshwa. Lengo lake ni shughuli za uzalishaji, hivyo si mahali pa kuombea jiko la nyumbani. Lakini kikundi cha mama lishe au waoka mikate kinaweza kuingiza majiko ya gesi au umeme katika andiko lake la mradi, kwa kuwa nishati ni sehemu ya mtaji wao. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuanza kuonana naye.

Ya tatu ni vikundi vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA na SACCOS, ambavyo vipo karibu kila kata. Baadhi ya vikundi huwa na mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Hakuna kinachozuia kikundi kuanzisha mfuko wa gesi, ambamo kila mwanachama huweka shilingi elfu chache kwa wiki na kupokea fedha za kujaza mtungi zamu yake inapofika. Utaratibu huo wa upatu unafahamika kwa akina mama tangu zamani, na unatatua tatizo lilelile la fedha ndogo ndogo zisizofikia ujazo wa mtungi.

Kinachopaswa kuhesabiwa

Taarifa za utekelezaji wa ruzuku kwa kawaida hutaja idadi ya mitungi iliyosambazwa, wilaya zilizofikiwa na fedha zilizotumika. Takwimu hizo ni za lazima kwa uwajibikaji, lakini hazitoshi kuonesha kama asilimia 80 itafikiwa. Mtungi uliosambazwa na kuachwa uvunguni huhesabika sawa na mtungi unaojazwa kila mwezi, ilhali kwa mapafu ya mama na kwa msitu wa kijiji vitu hivyo viwili ni tofauti kabisa.

Njia ya kupata takwimu bora ipo. Kwa kuwa wanunuzi wa mitungi ya ruzuku wameandikishwa, maafisa wa vijiji na mitaa wanaweza kurudi kwa baadhi yao baada ya miezi sita na kuuliza maswali matatu: mtungi umejazwa mara ngapi, umbali hadi kwa wakala wa gesi ni upi, na ni nini kilichopikiwa kuni wiki iliyopita. Wasambazaji wanaotekeleza mradi nao wanaweza kutakiwa kutoa taarifa za mauzo ya ujazo katika wilaya walizopewa. Wilaya ambayo wengi hawajazi itakuwa imeonesha mapema kwamba inahitaji mawakala zaidi, mita za malipo kidogo kidogo au majiko ya umeme, kabla ruzuku nyingine haijapelekwa kwa mtindo uleule.

Miaka kumi ya Mkakati imeanza kuhesabika. Serikali imekwisha kutimiza sehemu inayoonekana kwa haraka, nayo ni kumwezesha mwananchi kumiliki kifaa. Sehemu iliyobaki itapimwa mbali na hafla na majukwaa, katika duka la wakala wa gesi aliye karibu na kijiji, siku ambayo mama anafika na mtungi mtupu kichwani na fedha ya kuujaza ikiwa imefungwa kwenye pindo la khanga.